Masafa: Neno Moja, Mizigo Mitatu

Asili ya neno masafa ni umbali: twasema masafa ya kutoka Mji Mkongwe hadi Makunduchi. Wafasiri wa mambo ya redio wamelitwika mzigo wa pili, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Matumizi hayo yamekwisha enea, nasi hatuyapingi. Tunachopinga ni mzigo wa tatu, wa bendi.

Matangazo ya Zanzibar yaliyorushwa kutoka Dole kwa kilohezi 11,735 yalikuwa katika bendi ya mita 25. Mita hizo ni urefu wa wimbi. Mfasiri wa redio ya ridhaa akiandika “antena ya masafa ya mita 40 na 20”, msomaji atadhani ni umbali wa kusikika, au atakata waya wa mita 40. Kumbe dipoli hukatwa kwa takriban nusu ya wimbi: mita 20 kwa bendi ya kwanza, 10 kwa ya pili, kila waya hugawanywa katikati, na zote huungwa hapo kwenye kebo moja.

Twapendekeza masafa yabakie kwa mitetemo, bendi kwa fungu la masafa, na mita zitajwe kuwa urefu wa wimbi. Istilahi ikitatiza, waya hukatwa vibaya.