Mistari Iliyonyamaza: Uhakiki wa Kulinganisha Nakala kwa Programu

Neno "mstari" katika lugha yetu lina kazi mbili. Kwa mpiga chapa ni maneno yaliyopangwa toka ukingo hadi ukingo. Kwa msomaji wa Biblia ni kipande cha sura chenye namba yake. Twaanza na jambo hili dogo kwa kuwa kazi tunayoihakiki hapa ilijikwaa papo hapo.

Kazi hiyo ilifanyika Kiembe Samaki, jirani na Mbweni ambako UMCA walikuwa na kituo chao cha watumwa waliokombolewa. Vijana wawili walipewa kunakili kwa kompyuta Zaburi za Kiunguja za Askofu Edward Steere, aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kufariki mwaka 1882. Kila mmoja alinakili peke yake. Kisha programu fupi ingelinganisha faili hizo mbili, na palipo na tofauti tungekitazama kitabu. Mpango huu ni mwema, maana ni nadra wanakili wawili kukosea herufi ile ile mahali pale pale. Ndivyo tulivyoamini.

Tuliagiza wafuate "mistari". Mmoja akafuata mistari ya ukurasa, mwingine akaweka kila aya yenye namba kwenye mstari wake. Ikabidi faili ya kwanza ipangwe upya, na kosa lilikuwa la agizo letu.

Programu ya kwanza ililinganisha mstari wa 1 na wa 1, wa 2 na wa 2, vivyo hivyo hadi mwisho. Mnakili mmoja alikuwa ameruka mstari mmoja katika zaburi za mwanzo, na tangu hapo kila mstari ukatangazwa kuwa tofauti. Programu ya pili iliuchukua kila mstari wa faili moja na kuuliza kama umo popote katika faili nyingine. Orodha ikawa fupi, tukafurahi mapema mno. Zaburi ya 136 ina kiitikio kile kile katika aya zake zote 26, nasi tulikuwa tumekipa kiitikio mstari wake. Kijana mmoja alikisahau mara kadhaa. Programu ikaona kimo, ikaridhika. Mpangilio na marudio, ambavyo ndivyo uhai wa zaburi ya kuitikiana, havikuwa kitu kwake.

Dawa ya maradhi hayo ilikwisha kupatikana zamani. James Hunt, pamoja na Douglas McIlroy wa Bell Labs, Marekani, walieleza mwaka 1976 njia ya programu iitwayo diff. Hiyo hutafuta kwanza mfuatano mrefu kuliko yote wa mistari inayopatikana katika faili zote mbili kwa utaratibu mmoja, kisha huonyesha kilichopunguzwa na kilichoongezwa. Mstari ulioachwa hauiharibu tena inayoufuata. Ni kweli kwamba hupiga kelele kwa nafasi tupu mwishoni mwa mstari, na mkato uliosahauliwa huutangaza sawasawa na neno lililopotea. Lakini kelele huvumilika.

Kilichotuumiza ni ukimya. Katika Kiswahili kilichoandikwa siku za Steere twakuta "Muungu" na "killa". Vijana wetu wamelelewa na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952. Wote wawili waliandika "Mungu", wote wawili waliandika "kila", na diff ikapita bila neno. Tuligundua kwa bahati tu, tulipokifungua kitabu kwa haja nyingine. Mtu atasema tahajia ni jambo dogo. Lakini ikiwa mikono ilisahihisha tahajia pasipo kujijua, nani atatuhakikishia kwamba haikusahihisha na maneno? Wakati huo mwanafunzi mmoja alikwisha kuandika sura nzima ya tasnifu juu ya Kiswahili cha Steere kwa kuitegemea faili hiyo, nasi tulikwisha kuiidhinisha.

Hatukuwa na udhuru, maana somo hili twalifundisha darasani. Mlutheri Johann Albrecht Bengel, aliyetoa Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1734, alizipanga hati kwa jamaa, akafundisha kwamba usomaji mgumu hupendelewa kuliko ulio mwepesi, kwa kuwa mnakili huelekea kulainisha. Hati mia moja zilizotoka kwa mama mmoja si mashahidi mia moja. Vijana wetu walikaa vyumba mbalimbali, wala hawakuonana. Hata hivyo walikuwa jamaa moja, na mama yao ni Biblia waliyoisikia tangu utoto. Diff ilihesabu mashahidi wawili pale alipokuwapo mmoja.

Hatusemi programu itupwe. Tumeibakiza, ila tumeongeza mnakili wa tatu, jirani yetu Mwislamu, mpiga chapa hodari, ambaye hana aya hata moja ya Biblia ya 1952 kichwani. Atakosea naye, bila shaka, lakini kosa lake halitakuwa letu. Aidha, kwa kila zaburi mtu mmoja husoma kitabu kwa sauti, herufi kwa herufi penye mashaka, na mwingine hufuata kwenye faili, hasa katika mistari ambayo programu haikusema lolote. Sura ya mwanafunzi imerudishwa, na aibu yake ni yetu zaidi kuliko yake. Tumeanza upya toka Zaburi ya 1. Hadi sasa tumefika ya 40.