Kiti cha Mkuna Nazi

Juzi nilimtazama jirani yangu, mama wa makamo, akipika wali wa nazi uani kwake hapa Tanga. Alikaa juu ya mbuzi, akazungusha nazi taratibu kwa kiganja, akaacha kabla meno ya chuma hayajafika kwenye ngozi ya kahawia inayolitia tui weusi. Kazi safi, ya kupendeza macho. Binti zake walikuwa ndani, na hakuna aliyetoka kuangalia.

Sisi watu wa pwani hatukufundishwa kupika kwa maelezo. Mtoto alipewa nazi akune. Mbuzi ndiyo iliyokuwa dawati lake, na akiwa pale aliyaona yote: bibi akipeta mchele kwenye ungo na kutoa chuya, akitia maji ya vuguvugu kwenye nazi, akikamua kwa kifumbu mpaka chicha zikabaki kavu. Tui zito liliwekwa kando, jepesi likatangulia jikoni, likikorogwa bila kupumzika lisije likakatika. Mtoto alijua kwa pua tu kwamba maji yamekauka na sasa wali utapaliwa makaa juu ya mfuniko. Siku alipoachiwa chungu, mkono ulikuwa umeshajua.

Bibi yangu alionja chumvi kwenye tui kabla ya mchele kuingia. Lilitakiwa kukolea kupita kidogo pale ulimi unapofurahi, kwa kuwa mchele utaimeza ile ziada. Hakutumia kijiko. Alichota kwa vidole vitatu, akakoroga, akaonja, akatulia kidogo kabla ya kuamua. Mama yangu, aliyejifunza kwake, aliongeza hiliki. Shangazi hakutaka hiliki kabisa, na yeye tui zito alilimimina mwishoni, wali ukikaribia kukauka. Wote watatu walitoka jiko moja, lakini hata gizani ungemega tonge ukajua nani kapika.

Upishi wa wali katika pwani ya Afrika Mashariki una umri. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na achari ya ndimu pembeni. Tangu enzi hizo ujuzi umepita mkono hadi mkono, kwa kutazama.

Leo nazi inakunwa sokoni kwa mashine, au tui linanunuliwa la pakiti. Simlaumu mama anayerudi kutoka kazini magharibi akiwa hoi. Lakini tulipoiondoa ile kazi, tulimwondoa pia mtoto kando ya moto. Akitaka kupika sasa anafungua simu, anaambiwa vikombe na dakika. Simu haijui kama mchele wake ni mpya, usiotaka maji mengi, au ni wa msimu uliopita. Anafuata, anashiba, na wali wake hauna mwenyewe.

Tuliwaambia mabinti waende wakasome, tukafanya vyema. Tukawafukuza jikoni kwa neno hilohilo. Wavulana hatukuwaita kamwe. Vipimo vya bibi zetu havikuandikwa popote. Wakizikwa, vinazikwa nao, kwa sababu tuliona nazi ni usumbufu wa kuepukwa, tusione kilichokuwa kikifundishwa hapo.