Shusha Sauti Kwanza

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, saa yoyote ya mchana, utasikia sifa ileile: "Hii inadunda hatari, kaka!" Kiredio cha flashi kiko juu ya boksi lake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, taa zinakimbizana rangi, na wateja wanatikisa vichwa kama waliokwisha kushawishika. Kinasifiwa kwa kudunda! Anayenunua kwa kudunda ananunua kelele, na Kariakoo kelele ni za bure.

Mwambie muuzaji ashushe sauti. Ishuke mpaka ibaki kidogo tu kunyamaza, kisha wewe sogeza sikio. Wanunuzi karibu wote hawafiki hapa, na fundi anayejua kazi haanzii pengine. Redio mbovu ikishushwa humeza mwimbaji ikabakiza chiki-chiki za juu peke yake, au huruka kutoka kimya hadi makelele kwa kubonyeza mara moja, hakuna katikati. Sasa simamisha wimbo. Ukisikia "shhh" inaendelea, ampu ni chafu na hakuna ekolaiza itakayoisafisha. Wimbo ukiwa bado umesimama, chomeka chaja. Redio ikianza kunguruma, irudishe mezani, uage kwa heshima.

Wimbo wa kupimia uwe wako, kwenye flashi yako. Flashi ya muuzaji ina besi za kompyuta ambazo hata spika iliyochanika inazitoa. Na usiende na wimbo uliobanwa hadi kbps 64 ili nyingi zienee kwenye kadi. Utailaumu redio kwa kosa la faili. Mimi hutembea na Mbaraka Mwinshehe. Gita la besi la Morogoro Jazz halina papara, linatembea noti kwa noti chini ya solo na ridhimu. Ukiweza kulifuata kwa sauti ndogo, umepata redio. Ukisikia "vuu" moja iliyoungana, hapo hamna kitu.

Matapeli nao wana ufundi wao. Utakuta nyavu mbili mbele, spika moja ndani. Ziba upande mmoja kwa kiganja, utaujua ukweli. Betri ndiyo aibu yenyewe. Betri ya 18650 ikiandikwa 9900 mAh, anayeiuza anakutania: hata zile nzuri huzungukia 3,500. Kuna fundi mzee Gerezani ambaye hasomi maandishi ya betri kabisa. Huiweka kiganjani, akainyanyua mara mbili, akasema "ganda" au "nzima". Nzima ina gramu 45 hivi. Siku moja kijana alibisha sana, mzee akaifungua moja mbele yake: kibetri kidogo katikati, pembeni unga mweupe wa kujazia. Kijana aliondoka bila kuchukua chenji yake. (Usiifungue nyumbani, lithiamu haina utani.) Ndiyo maana napendelea redio inayokula betri ya simu, BL-5C, ambayo duka la simu lolote la mtaani haliikosi.

Mengine ni ya haraka. Ukiizima na kuiwasha, irudi kwenye wimbo ulipoishia. Isiyokumbuka haina adabu. Antena isilegee kwenye kiungo. Spika iwe ya karatasi, si ya plastiki. Na sauti iongezwe kwa kitasa cha kuzungusha, sio vitufe. Redio za National zilizotengenezwa hapohapo Dar es Salaam zilikuwa na kitasa, na mzee wa nyumba aliijua sauti ya taarifa ya habari kwa kidole tu, gizani, bila kumwamsha mtoto. Vitufe vinalia "tiit" kila ukigusa, sijui vinampigia nani saluti.

Yenye taa za rangi usinunue. Betri itawasha disko, wewe ubaki bila muziki saa nne usiku.

Rangi ya redio yenyewe? Nyeusi. Hilo halina mjadala.