Mtoto wa Arobaini na Mbili

Umeme ukikatika Katuba, watoto husogeleana. Mbabula, jiko letu, inatolewa uani, makaa yanapepewa kwa kifuniko cha sufuria, na yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku Lubumbashi, anatafuta kigoda chake. Yaya wangu hakuwa na kitabu cha hadithi hata kimoja. Alikuwa na masomo yetu tu, yaani ile shule kuukuu ya matofali mekundu, ya enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, wakati wamisionari Wabenedikto walipoendesha shule za kambi za wafanyakazi. Humo alichota mizimu ya kututosha utoto mzima.

"Kulikuwa mutoto moya," alianza, kisha akainama kugeuza makaa.

Aliyageuza yote. Hakuwa na haraka.

Tangu hapo nimesoma hadithi nyingi za kutisha, na nyingi zina pupa: ukurasa wa pili damu, wa tatu maiti. Yaya hakuwahi kumwaga hata tone. Alianza na jengo. Vidato vitatu vya mlangoni, cha kati kimepasuka. Dirisha la darasa la sita lisilofungika. Harufu ya chaki iliyolowa mvua za Desemba. Yote hayo tulikuwa tukiyajua, na kesho asubuhi tungepita papo hapo tukiwa na mabegi mgongoni. Kasri la mbali lenye buibui na mishumaa halimtishi mtoto wa Katuba. Litamtisha vipi, naye hatalala humo? Mzimu wake, yaya aliuweka jirani na dawati langu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mwalimu wa darasa la sita, kama walimu wetu wote, aliandika pembeni mwa ubao tarehe na idadi ya wanafunzi. Walikuwa 41. Jioni alifunga mlango kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Asubuhi alikuta 42. Akafuta, akaandika 41. Kesho yake, 42 tena, safari hii kwa mwandiko wa mtoto, ule wa kubonyeza chaki mpaka inakatika.

"Ulimuona?" tuliuliza.

"Mi sikumuona. Banasema tu."

Hapo ndipo nilipokuja kuuheshimu ufundi wake, miaka mingi baadaye, nilipojaribu kuandika visa vya aina hiyo nikashindwa. Yaya hakutuacha tushangae bure; alitufanya wapelelezi. Nyayo juu ya paa? Akatujibu mwenyewe: usiku wa Juni ni baridi, mabati yanajikunja na kulia. Zamu, mlinzi wa usiku, ndiye mwenye hila? Zamu ana funguo za lango, za darasa hana. Popo? Popo haandiki. Kila jibu lilitupunguzia hofu kidogo, tukaanza hata kucheka, na kumbe alikuwa akifunga milango mmoja mmoja mpaka ukabaki ule mmoja ambao hakuna aliyetaka kuufungua. Msimulizi dhaifu angetuambia mwishoni kwamba ilikuwa mizaha ya mwanafunzi mtukutu. Mwingine angemtoa mzimu hadharani, tena mwenye macho mekundu. Sijui ni yupi mbaya zaidi.

Ufundi huu una ukoo mrefu mjini hapa. Mji ulizaliwa mwaka 1910, ukiitwa Élisabethville, na katika miaka ya 1940 wakazi wake walisimuliana habari za batumbula, watekaji waliosemekana kuwinda watu usiku kwa niaba ya Wazungu, na aliyechukuliwa asirudi. Mwanahistoria Luise White alivichunguza visa hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2000, bila kuvidharau kama upuuzi. Alifanya vyema. Tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa kwenye mgomo, katika uwanja wa mpira. Baada ya siku kama hiyo, ni nani angehitaji kushawishiwa kwamba mji unaweza kumeza watu? Lakini kinachonivuta zaidi mimi ni jinsi visa vyenyewe vilivyofumwa: barabara inayojulikana, saa inayojulikana, na asimuliaye ni jirani wa aliyeponea chupuchupu. Aliyeona mwisho hayupo wa kuusimulia. Ni mkono uleule wa yaya.

Nauona mkono huo pia kwa mwigizaji Mufwankolo na kundi lake la maigizo, waliojipatia jina redioni na kwenye televisheni kwa Kiswahili chetu hiki ambacho watu wa pwani hukisikiliza wakitabasamu. Walipatana juu ya mkondo wa mchezo, maneno wakayaumba wakiwa wamesimama mbele ya watu. Yaya alifanya vivyo hivyo. Mbwa wa jirani akibweka, mbweko uliingia katika kisa. Mdogo wetu akipiga chafya, yule mtoto wa ubaoni naye alikuwa na mafua. Ndiyo maana sikuwahi kukisikia kisa kile mara mbili kwa namna moja, na ndiyo maana nikikiandika hapa najua nimekiua kidogo.

Usiku ule umeme haukurudi. Mama aliita kutoka ndani kwamba bukari, yaani ugali, inapoa. Mdogo wetu akauliza, kwa sauti ya chini, huyo wa arobaini na mbili alikuwa nani.

Yaya hakumjibu. Alisimama, akanyoosha kidole, akaanza kutuhesabu tulioizunguka mbabula, mmoja mmoja, midomo yake ikicheza bila sauti. Alipofika wa mwisho alikunja uso. Kisha akarudi kwa wa kwanza, akahesabu upya.