Kulitambua Blanketi la Momostenango

Wanunuzi wengi wa blanketi la sufu la Momostenango huanza na michoro. Anza na mikono: lishike, likunje, lipime uzito. Michoro ya kuvutia hufumwa hata kwa uzi hafifu.

Mji huu wa Wamaya wa K'iche' uko kwenye nyanda za juu za magharibi mwa Guatemala, na ufundi wake mkuu umetokana na ukoloni. Kabla ya Pedro de Alvarado kuivamia nchi ya K'iche' mwaka 1524, huku hakukuwa na kondoo. Wanawake walifuma pamba kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni, na hawajakiacha hadi leo. Wahispania walileta kondoo, gurudumu la kusokotea na kitanda kikubwa cha kukanyagia, ambacho wanaume ndio waliokishika. Upana wa kitambaa hutegemea kitanda hicho, kwa hiyo blanketi pana mara nyingi ni vipande viwili vilivyoshonwa katikati. Utazame mshono: michoro ya pande mbili ikipishana, fundi hakuhesabu nyuzi zake.

Lakini kinachoamua hasa ni maji. Likitoka kitandani, blanketi huwa limelegea. Hupelekwa kwenye chemchemi za maji moto, likakandamizwa na kupigwa juu ya mawe mpaka sufu ijikaze na nyuzi zishikane. Ndipo huchanwa ili manyoya yainuke. Linyanyue juani: mwanga ukipenya vitundu kila mahali, kazi ya majini ilikatishwa. Vuta pembe mbili. Lililokazwa vizuri hurudi mahali pake. Pitisha vidole kwenye manyoya, maana wapo wanaochana kupita kiasi ili kuficha ufumaji mwepesi. Yakibaki mkononi mafungu mafungu, lirudishe.

Omba unyuzi mmoja uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Akriliki huyeyuka ikawa kitone kigumu. Mtande (nyuzi za urefu) wa pamba si kosa, mradi muuzaji aseme ukweli. Rangi uijaribu kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, ingawa mimi huvutiwa zaidi na rangi za kondoo wenyewe: nyeupe, nyeusi, na kijivu kinachopatikana kwa kuzichanganya kabla ya kusokota.

Ukiwekewa blanketi lenye michoro tele lisilokazwa majini, na la kijivu tupu lililokazwa sawasawa, chukua la kijivu, na umlipe fundi bei aliyotaja.