Muziki wa Watoto Wadogo Nyumbani: Kuyapima Mafundisho ya Bwana Suzuki

Katika vitabu vilivyoandikwa juu ya muziki wa watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule, vichache vimeenea kama kile cha Bwana Shinichi Suzuki wa Japani. Kilipigwa chapa kwa Kijapani mwaka 1966, na kwa Kiingereza mwaka 1969, mfasiri akiwa mkewe, Bibi Waltraud. Tumekichagua kukipima hapa kwa kuwa msingi wake, ijapokuwa chazungumza juu ya muziki, ni lugha.

Mwenye kitabu alizaliwa Nagoya mwaka 1898, na baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla. Alijifunza fidla Berlin kwa Karl Klingler, na baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 akafundisha watoto katika mji wa Matsumoto. Neno lake kuu ni fupi: kila mtoto wa Kijapani husema Kijapani. Hapana asiyelijua neno hili. Lakini yeye alilishika akalitafutia sababu. Mtoto wa Osaka husema lahaja ya Osaka pamoja na ugumu wake wote, wala hakuketishwa darasani kufundishwa. Kadhalika kwetu, mtoto wa Lamu husema Kiamu, na wa Mvita husema Kimvita, kabla hajajua kushika kalamu. Basi ikiwa sikio na ulimi vya mtoto vyaweza kazi kubwa hiyo, asiyejua kuimba hakunyimwa kipawa, bali alinyimwa kusikia.

Kutoka msingi huo zatoka kanuni zake. Mzazi na ajifunze kwanza, ili mtoto atamani kumwiga. Mtoto na asikie kila siku lahani atakayoipiga. Aliyokwisha kuyajua asiyaache, bali ayarudie, kama vile hatuachi neno la kale kwa sababu tumepata jipya. Kusoma alama za muziki na kuje baadaye, maana mtoto husema kwanza ndipo asome.

Kwa haya twamsifu. Shule zetu za misheni zilifundisha do, re, mi watoto waliokwisha kung'oka meno ya kwanza, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuzoea kusikia wimbo pasipo kuuimba. Wahenga walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Tena Bwana Suzuki amemtia mama katika kazi, asimwachie mwalimu peke yake, na hilo ndilo linalofanya mafundisho yake kuwa ya nyumbani hasa.

Lakini twaona upungufu namna mbili.

Kwanza, fidla haina maneno. Mtoto hupokea lugha na wimbo kwa kinywa kimoja cha mama yake, tena kwa wakati mmoja. Ampendekezaye mama fidla kabla ya sauti yake mwenyewe amempa chombo cha kununuliwa, hali anacho cha bure kooni.

Pili, twauliza, muziki huo ni wa nani? Vitabu vyake vya mazoezi vyaanza kwa wimbo mdogo wa watoto wa Ulaya, vyapita kwa Bach na Vivaldi, na kuishia kwa Mozart. Ni muziki mzuri, nasi hatuudharau. Illa mtoto wa Matsumoto hakuurithi kwa nyanya yake. Labda mtu atajibu kwamba fidla ina mapokeo yake, wala haiwezi kufundishwa bila hayo. Ni kweli, lakini ikiwa ndivyo, jina la lugha ya mama ni vazi pana mno kwa mafundisho hayo. Njia ni ya mama, bali lugha ni ya mgeni.

Upungufu huo aliuona mapema Bwana Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyeishi tangu 1882 hata 1967. Yeye alitaka kuimba kutangulie chombo chochote, na nyimbo za kwanza ziwe za watu wa nchi, katika lugha yao. Kuhusu wakati wa kuanza mafundisho, alisema ni miezi tisa kabla mtoto hajazaliwa; na baadaye akalisahihisha neno lake, akasema ni miezi tisa kabla mama yake hajazaliwa. Katika shule zake hutumiwa ishara za mkono za John Curwen wa Uingereza, yule yule ambaye do, re, mi yake ililetwa na misheni katika shule zetu. Kwa hiyo kosa si la chombo. Kisu kile kile humenya chungwa la mwenyeji na la mgeni.

Hata hivyo, kanuni ya Kodály ya kumpa mtoto nyimbo za sauti chache kwanza, kisha nyingi, isichukuliwe kuwa sheria ya watu wote. Bwana John Blacking alikaa kwa Wavenda wa Afrika Kusini tangu 1956 hata 1958, na katika kitabu chake cha mwaka 1967 alionyesha kwamba nyimbo za watoto wao, ijapokuwa zaonekana nyepesi, zina asili katika tshikona, ngoma kuu ya filimbi ichezwayo na watu wazima. Tena watoto hawakuanza daima na zilizo rahisi, bali walishika kwanza zile walizozisikia mara nyingi. Basi mtoto aketiye mgongoni mwa mama katika ngoma yu darasani.

Sasa tuitazame hali ya kwetu. Wazazi wengi wapenda watoto wao wajifunze muziki, nao huwapa nyimbo za watoto wa Ulaya zilizofasiriwa, lahani ikiachwa vile vile. Hapo lugha huumia. Mkazo wa Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, nao husogea neno linaporefuka: twasema nyumba kwa kukaza nyu, lakini nyumbani kwa kukaza mba. Beti za Kiingereza mara nyingi huishia kwa silabi yenye mkazo, juu ya sauti ndefu. Kiswahili kikilazimishwa humo, silabi ya mwisho iliyo dhaifu hubebeshwa mzigo usio wake. Tena mfasiri husahau kwamba katika neno mtu, ile m ni silabi kamili, nayo ndiyo yenye mkazo. Huipitia mbio kana kwamba si kitu. Wala jambo hili si dogo, maana barabara ya kupita watu na barábara ya kusema kazi imefanywa sawasawa hutofautishwa kwa mkazo tu.

Mtu atapinga kwamba hata wasomaji wa tenzi huivuta silabi ya mwisho, penye kina. Twakubali. Lakini mghani wa utenzi huvuta neno ambalo yeye na wasikilizaji wake wamekwisha kulijua. Mtoto wa miaka miwili ndio kwanza alipokee neno hilo, na wimbo ndio mlango wake. Wimbo wa kubembeleza uliozaliwa katika lugha hauna taabu hii: m hugeuka kuwa mvumo wa kumlaza mtoto, na mkazo huangukia pale mkono wa mama unapompiga mgongoni taratibu.

Basi hukumu yetu ni hii. Njia ya Suzuki na ifuatwe, yaani kusikia kila siku, kurudia, na mzazi kutangulia. Bali kitakachosikiwa kiwe kwanza wimbo wa mama na wa bibi, pamoja na michezo ya kupiga makofi na kuzunguka uani; fidla na Mozart wakija baadaye watakuta nyumba ina wenyewe. Simu ya mkononi yaweza kuimba kutwa bila kuchoka, lakini haimtazami mtoto usoni, wala haingoji ajibu. Mama asemaye hana sauti nzuri na ajue kwamba mwanawe hana nyingine ya kuilinganisha nayo. Na nyanya zetu wajuao nyimbo hizi wangali hai katika nyumba nyingi, waulizwe leo. Mcheza kwao hutunzwa.