Kabla ya Risasi ya Pili

Upo mlio ambao fundi wa silaha huutambua hata akiwa amegeuka: badala ya mshindo, sauti hafifu, na bunduki isiyosukuma bega. Mpigaji asiyejua hudhani risasi imekataa, akafyatua nyingine. Fundi humzuia hapo hapo. Mtutu unabaki umeelekezwa kwenye shabaha, kidole kinatoka kwenye triga, na watu wanasubiri angalau nusu dakika, maana baruti huweza kuchelewa kuwaka.

Ganda likikosa baruti, fataki, yaani kiwashio cha baruti, peke yake ina nguvu ya kuisukuma risasi hadi ndani ya mtutu, lakini si ya kuitoa nje. Katika bastola ya silinda, risasi ikikwama nusu kwenye silinda na nusu kwenye mtutu, silinda hugoma kuzunguka na kosa hujifichua. Risasi ya kuogopwa ni ile iliyosogea mbele kidogo: chemba huonekana tupu, na risasi inayofuata huingia bila kizuizi. Ikifyatuliwa, mtutu huweza kuvimba au kupasuka.

Kwa hiyo fundi huondoa magazini, hufungua chemba na kuhakikisha haina kitu. Kisha hupenyeza ufito wa mbao kutoka mdomoni mwa mtutu. Ukitokea kwenye chemba, njia ni nyeupe. Ukigota, huubana kwa kidole pale mdomoni, huuchomoa na kuulaza ubavuni mwa mtutu. Ncha yake humwonyesha risasi ilipokaa. Punje za baruti zisizoungua humwambia kwamba baruti ilikuwepo ila haikuwaka. Masizi matupu humwelekeza kwa aliyejaza ganda. Hutia mafuta, huigonga risasi itoke kwa fimbo ya shaba iliyokaribia upana wa mtutu, halafu hupitisha kitambaa kilichobana. Kikilegea ghafla mahali pamoja, anajua mtutu umetanuka na haufai tena.

Ukaguzi huo haukufanyika huko Wilmington, North Carolina, filamu ya The Crow ilipokuwa ikipigwa. Risasi ya maonyesho iliyoondolewa baruti ilibaki na fataki hai. Ikafyatuka, na kichwa chake kikakwama kwenye mtutu wa bastola. Baadaye bastola ile ile ikatiwa ganda lenye baruti bila risasi, la kutoa mlio tu. Baruti ikakisukuma kilichokwama, kikampiga mwigizaji Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, akafariki tarehe 31 Machi 1993, akiwa na miaka 28.

Kazi hii haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji sikio linalosikia tofauti, na mtu aliye tayari kuwasimamisha wote kwa sababu ya shaka moja. Namheshimu fundi anayepitisha ufito hata katika bunduki aliyohakikishiwa kuwa ni salama, na anayeikabidhi baada ya kuona mwenyewe.